Utaijuaje Kabureta Iliyosetiwa Vizuri

Pikipiki ya zamani ikifungwa chujio la koni, kijiwe kizima huisifia. Inanguruma, ukivuta resi kidogo pale Gerezani vichwa vinageuka, na mwenye nayo anaamini fedha yake imefanya kazi. Sauti hiyo ni ya hewa inayofyonzwa, ambayo awali ilimezwa na boksi la chujio, lakini sikio huipokea kama nguvu. Mimi huanza kushuku hapo hapo. Chujio lililo wazi hupitisha hewa kwa urahisi, mvuto wa kunyonya mafuta kwenye kabureta unapungua, na injini inabaki na hewa nyingi kwa mafuta machache. Injini ya namna hiyo huchemka, na ikikimbizwa hivyo mwendo mrefu huweza hata kutoboa pistoni. Kununua chujio ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kabureta, na huko ndiko fundi anakojulikana.

Tuichukue Honda CG125, kwa kuwa ni ya zamani na bado tuko nayo. Ilitoka mwaka 1976, imebuniwa kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki huendeshwa hadi ikatae ndipo fundi aitwe. Honda wakaacha cheni ya kemshafti, wakaweka fimbo za kusukuma vali, na chujio la hewa wakalifungia ndani, mbali na vumbi. Injini hiyo ilinakiliwa sana China, na nakala zake zimebeba abiria wengi wa bodaboda hapa mjini. Kwa hiyo jeti, sindano na maboya ya kabureta yake hayakosekani Kariakoo. Tatizo ni kwamba kizuri na kibovu vinakaa kasha moja, na muuzaji atakuapia kwamba vyote ni Japani.

Anza na chujio lenyewe. Usitazame kromu wala rangi nyekundu. Geuza koni utazame mdomo wake wa ndani. Kwenye mdomo wa kabureta, upande unaoingiza hewa, kuna vitundu vidogo vinavyopeleka hewa kwenye jeti. Koni nyingi za bei rahisi zina ukingo mnene wa mpira, na ukiubana kwa klempu unaviziba vitundu hivyo kabisa au nusu. Hapo fundi atazungusha skrubu mpaka usiku na sailensi, yaani mzunguko wa injini resi ikiwa imeachiwa, haitatulia. Nenda dukani na kabureta mkononi, ulivalishe chujio palepale, uchungulie. Muuzaji akinuna, mwambie, "Samahani kaka, ngoja nijaribu kwanza," na uendelee kuchungulia. Kuhusu kitambaa cha kuchujia, la karatasi likilowa mvua ya masika hewa haipiti, na la wavu mtupu linachuja mawe tu. Sponji iliyopakwa mafuta maalumu ndiyo ninayoiamini kwa vumbi letu, mradi uwe mtu wa kuifua.

Sasa fundi. Fundi anayestahili jina hilo haanzi na bisibisi. Kwanza anapima vali injini ikiwa baridi (CG125 inataka milimita 0.08), kisha anapulizia maji ya sabuni kwenye maungio ya manifodi; sailensi ikibadilika, pana hewa inayopenya, na kuseti kabureta juu ya tundu hilo ni kupoteza fedha. Ukimwona amefika, ameinama, amezungusha skrubu ya pembeni, amepiga resi mara tatu na kusema "tayari bosi", lipa kwa adabu ukatafute mwingine. Skrubu ile inatawala sailensi na mwanzo kabisa wa resi. Kuanzia robo hadi robo tatu ya resi kazi ni ya sindano, na kutoka hapo hadi mwisho ni ya jeti kubwa. Chujio la wazi linaharibu zaidi huko juu, mahali ambapo skrubu haina usemi.

Swali moja linatosha kumpima: skrubu hii ukiifungua inaongeza mafuta au inayapunguza? Jibu linategemea ilipo. Ikiwa upande wa injini, kuifungua kunaongeza mafuta. Ikiwa upande wa chujio, kunaongeza hewa. Anayejibu bila kuitazama kabureta yako anakisia.

Jeti ndiyo sehemu inayochezewa kuliko zote. Ni shaba nyeupe au ya manjano, laini, na kishawishi cha kuipanua kwa waya au kekee ndogo ni kikubwa kwa sababu hakigharimu kitu. Iinue kwenye mwanga. Tundu la kiwandani lina ukingo safi na mviringo kamili. Lililochokolewa lina michirizi, na namba iliyopigwa juu yake haina maana tena. Namba nazo zina mtego. Kwa Keihin, 100 inakaribia kuwa milimita moja ya tundu, wakati jeti nyingi za Mikuni huhesabiwa kwa kiasi cha mafuta yanayopita. Muuzaji atakayekwambia "namba ni namba, chukua hii ya Mikuni itaingia" anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Fundi mwenye subira hupanda hatua moja moja, anajaribu, anapanda tena. Sindano nayo ina vifereji vya klipu: klipu ikishushwa sindano inapanda, na mafuta yanaongezeka katikati ya resi. Mafundi wengi hawaigusi, kwa kuwa kuifikia kunataka kufungua kifuniko na slaidi. Mimi huitazama klipu hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Usikubali kupokea pikipiki iliyojaribiwa ikiwa imesimama. Bahati nzuri mji wetu umejipanga kama jedwali la majaribio. Ingia Msimbazi mchana, katikati ya mikokoteni na wapita njia. Hapo unatumia sailensi na robo ya resi, na injini isizime wala isikohoe unapoachia krachi. Ukiachia resi, mzunguko ushuke mara moja. Ukichelewa kushuka, au ekzosi ikipiga vishindo vidogo, mafuta yamepungua au kuna hewa inayovuja. Kisha shika Barabara ya Nyerere kuelekea Tazara ukiwa nusu ya resi. Mwendo wa kuvutavuta, kana kwamba anayeendesha hajaamua, maana yake sindano. Ukifika Daraja la Mfugale, vuta resi yote ukipanda, kama foleni itakuruhusu. Ukirudisha resi kidogo na pikipiki ikaongeza nguvu, jeti kubwa ni ndogo mno. Ikiguna kwa uzito na kutoa moshi mweusi, ni kubwa mno.

Plagi husomwa mwisho. Tumia mpya, D8EA ya NGK kwa CG125, nayo uinunue kwa macho mawili maana bandia ni nyingi. Kimbiza kwa resi kamili mahali salama, bana krachi, zima injini, egesha, kisha ifungue. Mafundi wazee bado wanatafuta rangi ya kahawia iliyokolea, na wana sababu yao: walijifunza enzi ya petroli yenye risasi. Petroli hiyo iliondoka Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, na plagi za leo huwa hafifu kwa rangi hata kabureta ikiwa sawa. Anayeongeza jeti mpaka apate kahawia ya babu yake anakuletea masizi na bili ya mafuta. Tazama chini kabisa ya kauri, karibu na chuma. Pete ya rangi hafifu pale inatosha. Kauri nyeupe kabisa yenye vipele ni hatari, rudi gereji.

Kazi ikiisha, dai jeti zako za zamani, hata kama fundi anasema hazifai. Seti uliyofanyiwa ni ya usawa wa bahari. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu, na hewa hupungua karibu sehemu moja ya kumi kwa kila mita elfu, kwa hiyo jeti iliyokuwa sawa Gerezani itaguna kule milimani. Ile ndogo uliyoivua ndiyo utakayoirudisha ukifika Mombo, kabla hujaanza kupanda.