Herufi za dhahabu huanzia kwenye kijivu

Kadi ya mchango wa harusi inayotumwa siku hizi kwa simu ina sura inayofahamika: mandhari ya rangi ya damu ya mzee, maua pembeni, na katikati neno HARUSI au majina ya maharusi kwa herufi za dhahabu. Kwenye baadhi ya kadi dhahabu hiyo inang'aa kweli, herufi zimeinuka na kingo zake zinaonekana zimechongwa. Kwenye nyingine, iliyotengenezwa kwa programu ileile na fonti ileile, herufi zinaonekana zimepakwa haradali. Mtengenezaji akiona hivyo huanza kuhangaika na rangi, anajaribu njano hii, mara njano ile, mara anaongeza wekundu. Anahangaika bure. Mambo yaliharibika mapema zaidi, picha ilipokuwa bado nyeusi na nyeupe.

Tuchukue neno hilohilo, HARUSI, tuliandike kwa fonti nene kwenye GIMP, programu ya bure ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuipata. Herufi nyeupe juu ya weusi. Kama kadi itachapwa kwa msongamano wa pikseli 300 kwa inchi, herufi yenye kimo cha sentimita 2 ina pikseli 236 hivi kutoka juu hadi chini. Kompyuta haijui kitu kinachoitwa dhahabu. Inachoshika ni namba kwa kila pikseli, 0 penye weusi kamili na 255 penye weupe kamili. Picha ya namna hii ikitumika kuamua nini kionekane na nini kifichwe huitwa chaneli ya alfa, jina lililotolewa na Ed Catmull na Alvy Ray Smith walipokuwa New York Institute of Technology mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wakachapisha hesabu ya kupandanisha picha kwa kutumia chaneli hiyo, na hesabu yao ndiyo inayofanya kazi mpaka leo kila leya, yaani tabaka la picha, inapokaa juu ya nyingine.

Pambo la kwanza, na la zamani kuliko yote, ni kivuli. Leo kivuli ni suala la kubofya mara moja. Kabla ya Photoshop 3.0 ya mwaka 1994, toleo lililoleta leya, ilikuwa kazi ya fundi hasa. Maandishi yalikuwa yakimwagwa moja kwa moja kwenye picha, na yakishamwagwa hayang'oki. Fundi alihifadhi umbo la herufi kwenye chaneli, akatengeneza nakala yake, akaisogeza nakala chini na kulia kwa pikseli chache, akaitia ukungu ili kingo zilainike, kisha akaondoa humo umbo la herufi zenyewe ili kivuli kisizifunike. Kilichobaki ndicho alichokitumia kutia giza kwenye picha. Kai Krause, aliyekuja kujulikana kwa seti ya vichujio iliyoitwa Kai's Power Tools, aliandika maelezo ya kutosha juu ya michezo hii ya chaneli, na kizazi kizima cha wabunifu kilijifunzia hapo. Kivuli kinachotokea leo kwa mbofyo mmoja kinapitia hatua hizohizo: nakala, kusogeza, ukungu, kutia giza.

Hiyo hatua ya mwisho ndiyo inayowaponza wengi. Mafunzo mengi husisitiza kwamba leya ya kivuli iwekwe kwenye hali ya kuzidisha, ile ambayo thamani ya pikseli ya juu huzidishwa kwa ya chini kisha ikagawanywa kwa 255. Kwa kivuli cheusi tii agizo hilo halibadilishi chochote, maana kitu chochote kikizidishwa kwa sifuri huwa sifuri, na weusi wa hali ya kawaida unatoa jibu lilelile. Tofauti inajitokeza kivuli kinapokuwa na rangi au kijivu. Damu ya mzee ya kwenye kadi yetu tuseme ina nyekundu 110, kijani 15 na bluu 25. Ukiweka juu yake kivuli cha kijivu chenye 100 kwa kila rangi katika hali ya kawaida, kijani kinapanda kutoka 15 hadi 100 na bluu kutoka 25 hadi 100. Kivuli kimekuwa cheupe kuliko ukuta kinapoangukia, na kadi inaonekana imemwagiwa unga. Katika hali ya kuzidisha namba hizo zinakuwa 43, 6 na 10: bado ni damu ya mzee, ila iliyozama. Jicho linaamini mara moja.

Baada ya kivuli inakuja kazi ya kuinua herufi, na hapa ndipo penye utamu. Fundi anachukua nakala ya neno jeupe na kuitia ukungu wa Gauss, uitwao hivyo kwa jina la mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss, kwa kuwa kila pikseli huchanganywa na jirani zake kwa uzito unaofuata mkunjo wake wa umbo la kengele. Picha iliyotiwa ukungu sasa inasomwa kwa namna mpya kabisa: weupe ni mlima, weusi ni bonde, na kijivu ni mteremko kati yake. Kichujio cha GIMP kiitwacho Bump Map kinapima mteremko huo penye kila pikseli. Upande unaoelekea taa unapewa mwanga, upande unaoipa taa mgongo unatiwa giza, na panapokuwa tambarare panabaki kijivu cha kati. Wazo hili la kuchora miinuko ambayo haipo lilitoka kwa James Blinn mwaka 1978, alipoonyesha jinsi uso laini unavyoweza kuonekana una makunyanzi kwa kuchezea mwelekeo wa mwanga tu.

Kuna jambo dogo ambalo mtu asipolijua atashangaa kwa nini herufi zake zimevimba. Ukungu husambaa pande zote mbili za ukingo, ndani na nje, na mlima huo una ukali wake wote palepale ulipokuwa mpaka wa herufi. Kwa hiyo ni lazima matokeo yakatwe kwa umbo la awali, lile jeupe lenye kingo kali. Ukikata, unabaki na nusu ya ndani ya mteremko, unaoanza kama 128 ukingoni na kupanda hadi 255 katikati ya herufi. Usipokata, nusu ya nje nayo inapata mwanga na kivuli, na neno HARUSI linaonekana limefinyangwa kwa udongo mbichi.

Unene wa herufi ndio unaoamua kiasi cha ukungu. Tuseme ukungu una kipimo cha 6. Mteremko wake humalizika pikseli 12 hivi kutoka ukingoni. Mguu wa herufi H wenye upana wa pikseli 40 utapoteza 12 kila upande, na juu pabaki uwanda wa pikseli 16: umbo zuri, lenye paa na kingo mbili. Sasa badilisha fonti. Weka ile ya mwandiko wa kuunganisha inayopendwa kwa majina ya maharusi, ambayo nyuzi zake nyembamba zina pikseli 8 tu. Kilele cha uzi huo hakifiki hata nusu ya kimo. Katikati yake ni kama 126, na ukingoni ni kama 104. Hakuna mlima hapo, ni tuta tu, na taa haina pa kugonga. Ndiyo maana majina yaliyoandikwa kwa mwandiko mwembamba hukataa dhahabu hata fundi afanye nini, wakati neno nene lililo juu yake linawaka. Mwenye busara hupunguza ukungu hadi 1 au 2 kwa nyuzi hizo, au anaziacha zikiwa za rangi moja bila kuzichonga. Mara nyingi hilo la pili ndilo zuri zaidi.

Njia nyingine ya kujenga mlima haitumii ukungu. Programu hupima umbali wa kila pikseli ya ndani kutoka ukingo ulio karibu nayo zaidi, na umbali huo unakuwa kimo. Matokeo yake ni mgongo mkali unaopita katikati ya herufi, na kwenye pembe za A na H inatokea mistari ya kukutania ya kuta mbili, kama kwenye maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe. Kwenye S mgongo huo unazunguka na mng'ao unahama taratibu kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Asiyeamini kwamba herufi moja inaweza kufundisha mwanga aitazame S kwa ukaribu.

Taa yenyewe huwekwa wapi? Bump Map inafunguka ikiwa na pembe ya digrii 135, yaani juu upande wa kushoto. Chaguo hilo lina mizizi ndani ya jicho la mwanadamu. Mwaka 1988 Vilayanur Ramachandran alieleza katika jarida la Nature jinsi ubongo unavyoamua kama kitu kimebonyea au kimetuna kwa kudhani kwamba mwanga unatoka juu, na kwamba unatoka chanzo kimoja. Miaka kumi baadaye Jennifer Sun na Pietro Perona walionyesha kwamba watu hupendelea hasa mwanga wa juu kushoto. Fundi akiigeuza taa itoke chini, herufi zilizotuna zinaonekana zimezama. Na akiacha kivuli kikaangukia kushoto huku mng'ao uko kushoto vilevile, macho yanachanganyikiwa bila mtazamaji kuweza kueleza nini kimemkera. Kadi nyingi zinaharibikia hapa, kwa sababu jina limepambwa leo, neno kuu lilipambwa jana, na ua limekatwa kwenye picha ya mtu mwingine iliyopigwa jua likiwa upande wa pili.

Hadi sasa hakuna hata tone la rangi. Herufi ni za kijivu, zimeinuka, zinafanana na plasta. Kitakachozigeuza ziwe chuma ni tabia moja ya metali: uso wake huakisi vitu vilivyouzunguka. Kwenye plasta mwanga hupungua polepole kadiri uso unavyojigeuza. Kwenye pete ya dhahabu mwanga unaruka, kwa kuwa hapa panaakisi dirisha, hapa panaakisi suti nyeusi ya mtu, na hapa panaakisi dari. Fundi huiga jambo hilo kwa zana ya Curves. Mstari wa kawaida unaopanda sawasawa kutoka giza hadi mwanga anaukunja mara mbili au tatu: unapanda hadi karibu na weupe, unashuka ghafla, kisha unapanda tena. Kijivu kilichokuwa kinateleza kwa utulivu kinavunjika kuwa michirizi ya mwanga na giza inayofuata umbo la kila herufi. Hapo ndipo plasta inapokufa na chuma kuzaliwa, na kwa kweli ni dakika ya kufurahisha kuliko zote katika kazi hii.

Mikunjo hiyo ina gharama. Ngazi 256 za kijivu zikivutwa kwa nguvu zinaachana, na mteremko laini unageuka ngazi zinazoonekana kwa macho. Tangu GIMP 2.10 ya mwaka 2018 dawa ipo, kwani picha inaweza kufanyiwa kazi kwa usahihi wa biti 32 badala ya 8 kwa kila chaneli. Anayetumia toleo la zamani hunyunyiza chenga kidogo kabla ya kukunja.

Rangi inaingia mwisho, kwa kuibadilisha kila ngazi ya kijivu na rangi yake: giza linakuwa kahawia iliyoiva, kwa mfano 90, 58, 0, katikati 212, 160, 23, na mwanga 255, 243, 176. Namba ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Plastiki ya njano hutoa mng'ao mweupe, lakini dhahabu humeza mwanga wa bluu na kurudisha mwekundu na wa njano, hivyo hata mng'ao wake mkali kabisa una unjano ndani yake. Anayeweka weupe mtupu kwenye vilele amejitengenezea plastiki. Aliye na picha nzuri ya pete achote rangi zake humo, kuanzia penye giza hadi penye kung'aa. Atashangaa jinsi kahawia inavyotawala.

Hatua zote hizi zilikwishafungwa kwenye vitufe zamani. Photoshop 5.0 ya mwaka 1998 ilileta kivuli, mng'ao na uchongaji wa kingo vinavyoifuata leya yenyewe, na maandishi yakabaki yanaweza kusahihishwa. Mwaka huohuo ilitoka GIMP 1.0, iliyoanzishwa na Spencer Kimball na Peter Mattis wakiwa wanafunzi wa Berkeley, na ndani yake mlikuwa na hati fupi za kutengeneza nembo: mtu anaandika neno, anachagua kromu au neoni, programu inakimbia hatua moja baada ya nyingine. Uzuri wa hati zile ni kwamba zilimwachia mtumiaji leya zote mezani, akaweza kuzizima na kuziwasha na kuona kila moja imefanya nini. GIMP 3.0 ya Machi 2025 imeongeza vichujio vinavyoweza kurekebishwa hata baada ya kutumika, kwa hiyo taa iliyowekwa vibaya inasogezwa bila kuanza upya.

Vitufe hivyo havijui kadi inakwenda wapi. Kivuli cha pikseli 5 kinapendeza kwenye picha ya simu yenye upana wa pikseli 1080. Kwenye chapa ya pikseli 300 kwa inchi, pikseli 5 ni chini ya nusu milimita, na kivuli kinatoweka kana kwamba hakikuwekwa. Vipimo vyote, ukungu, umbali na upana wa kingo, vinapaswa kupangwa upya kwa ukubwa wa mwisho. Kuivuta picha ya simu hadi iwe bango huleta herufi zenye ukungu mahali pa chuma.

Na kama maharusi wameamua kulipia foili, ile karatasi nyembamba inayong'aa ambayo hubandikwa kwa kibati cha moto, basi mchapaji hataki mlima, mkunjo wala kahawia. Anataka umbo la herufi peke yake, jeusi kamili, kingo kali, bila kijivu hata kidogo, kwa kuwa kibati ama kinagusa karatasi ama hakigusi. Faili ya kumpelekea ni ile ya mwanzo kabisa, kabla ya ukungu wa kwanza, ikiwa imegeuzwa weupe kuwa weusi.