Kata, Nakili, Bandika: Uhakiki wa Kiswahili cha Programu za Ofisini

Wahakiki wetu wamezoea kupima tenzi, riwaya na tamthilia. Makala haya yanakusudia kupima matini ya namna nyingine, nayo ni yale maneno machache yanayomwamuru mtu mbele ya kioo cha kompyuta. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirika na kampuni ya Kiswidi IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice, tunda la mradi wa Kilinux: programu huria ya kuandikia barua na kufanyia hesabu, yenye maagizo ya Kiswahili. Mwaka uliofuata Microsoft nayo ikatangaza Kiswahili cha Office 2003. Twauliza: je, maneno yaliyotungwa katika kazi za namna hii yanasimama mbele ya karani wa Ngara au Biharamulo?

Tumechagua wilaya hizo za Kagera kwa sababu. Huko lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kihangaza, Kishubi au Kizinza, na Kiswahili ndicho cha shule, soko na baraza. Neno jipya halipati msaada wa utamu wa Kimvita wala Kiunguja; lazima lijieleze kwa kazi yake.

Tuanze na kata, nakili na bandika. Asili ya maagizo hayo si chombo bali ni mkono. Larry Tesler na Tim Mott, walipotengeneza programu ya Gypsy katika maabara ya Xerox huko California miaka ya 1974 na 1975, waliiga wahariri wa vitabu waliokata karatasi kwa mkasi na kuzibandika kwa gundi. Wafasiri wetu walitenda vema walipofuata njia iyo hiyo. Fundi cherehani hukata, karani hunakili muhtasari, na tangazo la mkutano hubandikwa ubaoni. Hapana neno hapa linalohitaji mkalimani.

Yawezekana mtu akapinga ya kuwa kwa karani wa wilayani kata ni eneo la utawala, na ya kuwa hifadhi, neno la kuweka kazi isipotee, humkumbusha mtu wa Biharamulo Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019. Pingamizi hili halina nguvu. Kata ya utawala nayo ni kipande cha tarafa. Na anayehifadhi twiga na anayehifadhi barua wote wawili hulinda kitu kisipotee. Maana mbili zilizo ndugu hazigombani.

Bora kupita yote ni tendua, yaani kurudisha nyuma lililotendwa. Wanasarufi wetu walikuwa nalo zamani, kwa jina la kauli ya kutendua: funga, fungua, tega, tegua, ziba, zibua. Kauli hiyo si mali ya Kiswahili peke yake; imeenea katika lugha za Kibantu, hata Kirundi na Kinyarwanda, majirani wa Kihangaza. Basi asiyelisikia neno hilo kamwe atalikisia maana.

Kinyume chake ni umbizo, linalotumika kwa sura na mpangilio wa maandishi. Twaona mzizi wake, umba, lakini mzizi huo hutupeleka kwa Muumba na kwa mfinyanzi, si kwa mtu anayenyosha pambizo za barua. Karani husema, "Panga barua yako vizuri." Mpangilio lingemtosha. Hapa mfasiri alitunga palipokuwa na neno.

Hata hivyo dosari kubwa haimo katika msamiati. Tarehe 4 Januari 1967 Rashidi Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya shughuli zote za serikali. Mihtasari ya vijiji vya Ngara huandikwa kwa Kiswahili. Lakini aghalabu kioo kinachoiandika husema Kiingereza, kwa kuwa mwandishi wake alifundishwa kompyuta kwa Kiingereza, lugha ya shule ya sekondari. Alizoea agizo la kigeni kabla hajakutana na hifadhi. Kadhalika, kitabu kikifasiriwa mara moja kimefasiriwa. Programu hubadilika kila toleo. OpenOffice ilikabidhiwa kwa taasisi ya Apache mwaka 2011, na tafsiri isiyofuatwa na mikono mipya huachwa nyuma.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii: wafasiri wa mwaka 2004 walithibitisha ya kuwa Kiswahili kinaweza kazi hiyo, na ushahidi wao haujavunjwa. Kilichokosekana ni mwalimu wa kuketi na karani siku ya kwanza ya mafunzo na kumfungulia kioo chenye Kiswahili. Chuo kinachotunga istilahi bila kumpeleka mwalimu huyo kimefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki haifanyiki Dar es Salaam. Yafanyika katika ofisi za kata za Ngara na Biharamulo.