Apendaye Kimya

Shuleni tulifundisha Isis na Osiris, tukaishia hapo. Meretseger sikupata kumsikia mpaka nilipostaafu. Jina lake maana yake ni "yule apendaye kimya". Walimwabudu mafundi wa kijiji cha Deir el-Medina, magharibi ya mto Naili, waliochonga makaburi ya wafalme katika mwamba. Juu ya makaburi hayo kuna kilele chenye umbo la piramidi, na kwa mafundi wale kilele na mungu huyo wa kike vilikuwa kitu kimoja. Walimchora kama swila, mara nyingine mwenye kichwa cha mwanamke. Ndiye mlinzi wao, naye aliweza kuwauma.

Ninalotaka kulipima hapa ni jiwe la fundi mmoja, Neferabu, wa zama za Ramesses II, miaka ipatayo 3,200 iliyopita. Sasa limo katika jumba la makumbusho la Turin, Italia. Neferabu anaungama kwamba alikuwa mjinga asiyepambanua jema na baya, akakikosea Kilele, nacho kikamwadhibu. Kisha anasema alikaa juu ya matofali kama mwanamke mwenye uchungu wa uzazi, akiita hewa isije. (Wanawake wa Misri walijifungua wakichutama juu ya matofali.) Hatimaye mungu akamrudia kama upepo mtamu.

Tashibiha hiyo ya matofali, nathubutu kusema, inalibeba jiwe zima. Mwanamume wa nyundo na patasi haoni aibu kujilinganisha na mzazi. Onyo lake kwa majirani, kwamba ndani ya Kilele mna simba, halinigusi sana. Simba kila mtu anaye.

Lakini kosa lenyewe hakulitaja! Na si kwamba hakujua kutaja. Katika jiwe lake jingine, lililoko London, anamwambia mungu Ptah waziwazi kuwa alimwapia uongo akapofuka. Mbele ya Meretseger ananyamaza.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu ningempa sifuri. Mwanachuo aliyekosa aliandika barua ya kujieleza, nami nilidai kosa litajwe. Mmoja aliniletea barua mara tatu. Aliandika jinsi asivyolala, jinsi chakula kisivyopita kooni, jinsi alivyoogopa kumtazama mama yake. Kosa hakuliandika. Mara zote tatu nilimwandikia kwa wino mwekundu, "Eleza kosa," na ya nne sikuingoja. Nilimrudisha kwao, na ualimu hakuupata.

Niliita ule ujanja. Siku hizi nikilisoma jiwe la Neferabu naona kwamba hakuwa akimpa Meretseger habari. Mungu alilijua kosa, na huenda kijiji kizima kililijua. Alichokuwa nacho Neferabu cha kusema ni yale matofali.

Na mimi kosa la kijana yule nililijua. Ndiyo maana nilimwita ofisini.