Vifaru vya Vizibo: Uhakiki wa Mandhari ya Vita Huko Bwera

Wahakiki wetu wamezoea kupima riwaya, tamthiliya na ushairi kwa mizani ya fani na maudhui, na ni nadra kuwaona wakiipeleka mizani hiyo kwenye kazi za mikono za vijana. Twadhani huo ni upungufu. Kijana akisuka gari kwa waya, akaliwekea usukani wa kijiti kirefu na kulisukuma barabarani toka Kasese mjini hadi njia ya Kilembe, amekwisha tunga. Ameteua, ameacha, ametia chumvi, sawasawa na mtunzi wa hadithi. Basi hatuoni sababu ya kumsamehe uhakiki.

Kazi tunayoizungumzia ni mandhari ya vita iliyojengwa na vijana wa Bwera juu ya ubao mmoja mpana, ikawekwa mezani shuleni siku ya wazazi. Ni vita vya 1978 na 1979, vilivyoanza majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, vikaifikisha Tanzania mjini Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Ubaoni mna barabara ya udongo mwekundu, migomba ya karatasi, vifaru vinne, lori la roketi, Land Rover moja, na askari wa udongo wa mfinyanzi wapatao thelathini.

Tuanze na fani, maana hapo ndipo penye utajiri. Magurudumu ya vifaru ni vizibo vya soda. Kila kifaru kina magurudumu matano kila upande, na baina ya gurudumu la kwanza na la pili pameachwa nafasi pana kuliko nafasi nyingine zote. Asiyejua atadhani ni uzembe wa mkono. Kumbe hiyo ndiyo alama hasa ya T-55 ya Urusi, na ya ndugu yake wa Kichina, Type 59; cha kwanza kilikuwa mikononi mwa jeshi la Amin, cha pili mikononi mwa Tanzania. Vijana wameviunda vyote kwa sura moja wakavitenganisha kwa bendera tu, na kwa kweli hawakukosea, kwani hata askari waliokuwa vitani walikuwa na haki ya kuvichanganya. Minyororo imekatwa katika ndala kuukuu, bati la kopo la mafuta limekuwa deraya, na mtutu wa mzinga ni bomba la kalamu.

Kuhusu kipimo, fundi wa mifano katika nchi za viwanda hununua sanduku lenye vipande vya plastiki vilivyokwisha pimwa, mara nyingi kwa kipimo cha moja kwa 35, na husikitika rafiki yake akimwonyesha kosa la milimita mbili. Wengi huamini kipimo hicho kilitoka kwa wataalamu. Historia yake ni ya kuchekesha kidogo: kampuni ya Tamiya ya Japani, ilipotoa kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikipa ukubwa wa kutosha kuingiza mota na betri tumboni, baadaye ndipo ilipoonekana kuwa ukubwa huo ni kama moja kwa 35, na dunia ikafuata. Betri ndiyo iliyoamua.

Huko Bwera kizibo ndicho kilichoamua. Gurudumu la T-55 lina kipenyo cha sentimita 81, na kizibo cha soda kina karibu sentimita tatu. Ukigawanya utapata moja kwa 27. Tulipolipima lori la roketi, lile ambalo Waganda wote walilijua kwa jina la Saba Saba, tulikuta mirija yake ni ile ya kunywea soda, yenye unene wa karibu milimita tano. Roketi za BM-21 ni za milimita 122, nazo kwa moja kwa 27 zatakiwa ziwe na milimita nne na nusu. Kizibo na mrija, vitu viwili vya chupa moja, vimekubaliana bila fundi kushika rula! Hapa hatuna budi kuvua kofia. Hata hivyo lori la kweli lina mirija 40, safu nne za kumi kumi, na la Bwera lina 24. Soda, yaelekea, ziliisha.

Askari nao wamevunja mapatano hayo. Mtu wa sentimita 175, kwa kipimo cha vizibo, angekuwa na sentimita sita na ushei; askari wa Bwera wana tisa na kumi. Akisimama kando ya kifaru, askari huyo anaonekana anaweza kukipanda kama punda. Baadhi ya walimu wenzetu walilitaja hili kama kosa kubwa. Sisi hatukubaliani nao kwa upesi hivyo. Udongo wa mfinyanzi hauvumilii miguu membamba, hukatika unapokauka, na kijana aliyetaka askari wake asimame alilazimika kumnenepesha, na akimnenepesha humrefusha. Tunalolikosoa ni nyuso: zote ni laini, hazina macho wala midomo, ilhali kila gurudumu lina misumari yake iliyohesabiwa. Yaani jicho la msanii lilikaa kwenye mashine likasahau mtu.

Na hapo ndipo tunapoingia katika maudhui. Ubao mzima hauna raia hata mmoja. Hakuna mama mwenye mzigo kichwani, hakuna mbuzi, hakuna nyumba yenye mlango wazi. Si vijana hawa tu. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda mjini Kampala yalionyesha picha za enzi ya Amin zilizotoka katika hazina ya shirika la utangazaji la taifa. Zilikuwa kazi za wapiga picha wa serikali, zimejaa sherehe, hotuba na magwaride, na mtazamaji makini alilazimika kujiuliza juu ya yale ambayo hayakupigwa picha. Tofauti ni kwamba mpiga picha wa serikali alikatazwa. Kijana wa Bwera hakukatazwa na yeyote.

Au pengine alijikataza mwenyewe. Tukumbuke ubao huu umewekwa wapi. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF waliivamia Mpondwe na Bwera, na watu wakayakimbia makazi yao. Novemba 2016 mapigano katika ikulu ya Rwenzururu mjini Kasese yaliua watu zaidi ya mia moja. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wale wale waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Katika mahali kama hapo, kuchagua vita vya mababu ni kuchagua vita vinavyotazamika.

Ndiyo maana hatukuungana na mzazi mmoja aliyetaka mandhari ile iondolewe kwa hoja kwamba inafundisha ukatili, na pia hatukuungana na mwalimu aliyewashauri vijana wajenge tukio la 2023. Mtoto aliyepoteza jirani hadaiwi sanamu na mtu yeyote.

Jambo moja latuhusu sisi walimu wa lugha. Vibao vidogo vilivyochomekwa kando ya kila chombo viliandikwa kwa Kiswahili: kifaru, mzinga, deraya, gari la wagonjwa. Katika sehemu nyingi za Uganda lugha hii ilichukiwa kwa kuwa ilisikika kinywani mwa askari aliyekuja kupora. Vijana hawa wameyachukua maneno yale yale ya kambini, tena kwa tahajia sahihi, wakayabandika juu ya vizibo na ndala. Ila hilo gari la wagonjwa, lenye kibao chake na msalaba wake mwekundu, tulilizunguka mara mbili na hatukuona mgonjwa ndani.