Paja Lenye Chuma Ndani

Mfupa wa paja ukivunjika katikati, njia iliyozoeleka ni kupitisha msumari mrefu ndani ya uwazi wake. Mwenye nyonga ya bandia hana nafasi hiyo, kwa kuwa shina la nyonga limeshaukalia uwazi.

Na Lubumbashi mwenye nyonga ya bandia si lazima awe mzee. Ugonjwa wa selimundu, au SS kama wanavyosema watu wa mji, huziba mishipa ya damu hadi kichwa cha mfupa wa paja kinakufa, na kijana wa umri wa kusoma chuo kikuu pale Kasapa anaanza kuchechemea hadi ahitaji nyonga ya bandia. Ndani, mfupa wake umekuwa mgumu na uwazi umebana. Unaweza kupasuka hapo hapo mezani, shina likigongwa liingie.

Mpangilio wa Vancouver, uliotolewa na Duncan na Masri mwaka 1995, unauliza mvunjiko uko wapi na kama shina bado limeshika. Mvunjiko ukiwa kandokando ya shina lililoshika, unaitwa B1, na bamba refu hulazwa ubavu wa nje wa mfupa. Chini ya ncha ya shina, skrubu hupenya kuta zote mbili. Juu ya ncha hiyo chuma cha shina kinazuia, kwa hiyo skrubu fupi hung'ata ukuta mmoja na nyaya huzungushwa kusaidia. Ogden na Rendall walieleza bamba la namna hiyo, lenye mikanda, mwaka 1978. Kupitisha waya kunataka mkono mtulivu: kifaa kilichopinda kiambae mfupa wenyewe, kwani mshipa mkubwa wa damu na neva ya mguu haviko mbali. Waya peke yake haitoshi, maana haizuii mfupa kujizungusha.

Kosa la ghali ni kulifungia bamba shina lililolegea. Waliochambua daftari la nyonga bandia la Sweden walishuku kwamba mabamba mengi yaliyoshindwa yaliwekwa juu ya mashina ya aina hiyo, yaliyodhaniwa ni B1. Picha moja ya eksirei hudanganya. Mimi ningeanza na swali lisilo na gharama: “Mama, paja ilikuwa inauma mbele ya kuanguka?” Akisema ndiyo, shina refu, linalovuka mvunjiko kwa angalau upana wa mfupa mara mbili, liwe tayari kabla ya ngozi kuchanjwa, na lililopo litikiswe kwa mkono kabla ya kuamua.