Sasa, Zamani, na Mtu Aliyeketi

Katika vitabu vilivyoandikwa na wenyeji wa Afrika ya Mashariki juu ya mila na dini, ni vichache vilivyosomwa na kubishaniwa kama kile cha marehemu Kasisi John Mbiti, kiitwacho African Religions and Philosophy, kilichotolewa mwaka 1969. Mwandishi alizaliwa mwaka 1931 katika nchi ya Ukambani, Kenya. Alisoma Makerere na Cambridge, akarudi Makerere kufundisha, akafariki Uswisi mwaka 2019. Hapa twataka kukichunguza kitabu hicho kwa upande mmoja tu, yaani fundisho lake mintarafu ya wakati, na neno lake juu ya watu waonekanao wameketi bila kazi. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, fundisho hilo limepewa majina mawili ya Kiswahili, nasi tutumiao lugha hii tuna haki ya kuuliza kama maneno hayo yaweza kuuchukua mzigo waliotwikwa. Pili, fundisho limetoka vitabuni likaingia vyuoni na katika mahubiri, hata husikika likisemwa, kana kwamba halina shaka, kuwa Mwafrika hana wakati ujao. Neno zito kama hilo halifai kupita bila kupimwa.

Tulieleze kwanza fundisho lenyewe kwa haki, maana hukumu kabla ya kusikiliza si hukumu. Mbiti asema kwamba kwa Mwafrika wa desturi za kale wakati ni mfuatano wa mambo yaliyotukia, yanayotukia, na yaliyo karibu kutukia. Jambo ambalo halijatukia, wala haliko karibu, si wakati bado. Basi wakati una pande mbili: upande wa mambo ya karibu, ambao yeye auita Sasa, na upande wa mambo ya kale yasiyopimika, ambao auita Zamani. Mambo hutoka katika Sasa yakazama katika Zamani. Kwa hiyo wakati warudi nyuma, wala hauendi mbele. Nao ujao ni mfupi mno. Alipovichunguza vitenzi vya Kikamba na Kikuyu aliona kwamba vyafika miezi michache tu mbele, na kwa vyovyote havipiti miaka 2.

Kutoka hapo ndipo atoapo utetezi wake. Wageni waliofika nchini, asema, waliwaona watu wameketi, wakanena kwamba Waafrika hawa wanapoteza wakati. Mbiti ajibu kwamba wageni hao hawakuelewa waliloliona. Katika nchi za viwanda wakati ni bidhaa. Hununuliwa na kuuzwa, na kwa hiyo waweza kupotea. Kwa Mwafrika wakati hufanyizwa, na mtu si mtumwa wake. Yule aliyeketi haupotezi wakati, bali aungoja, au yumo katika kuufanyiza. Jibu hili lina uzuri wake, na lilihitajiwa. Wengi walikwisha kuandika juu ya uvivu wa wenyeji bila kuuliza walioketi walikuwa wametoka wapi, wala walikuwa wakingoja nini. Walakini jibu likiwa jema, hoja zake haziwi njema kwa sababu hiyo tu.

Tuanze na maneno. Zamani ni neno lililotoka katika Kiarabu, na wakati, saa, dakika na muda hali kadhalika. Hilo peke yake si kosa, kwa kuwa neno la kuazima likikaa sana huwa la nyumbani. Lakini mtu akitaka kuonyesha fikira za Waafrika kabla ya kuja wageni, ni ajabu achague neno lililoletwa na jahazi. Tena zamani kwa Mswahili si mambo yaliyopita tu. Twasema 'zamani za Wareno', lakini pia husemwa 'zamani zetu hizi', na maana yake ni siku hizi tunazoishi. Neno lenyewe lamaanisha kipindi, na sharti maneno mengine yaeleze ni kipindi kipi. Na sasa, ambalo katika kitabu ni uwanja mpana wenye jana na kesho ndani yake, kwa msemaji wa kila siku ni jembamba kama ncha ya sindano. Hata yule aitikiaye 'naja sasa hivi' huku hajainuka mkekani ajua kwamba anaomba kuvumiliwa. Mbiti mwenyewe aeleza kuwa aliyachukua maneno haya ili ayaepuke ya Kiingereza, yenye maana zilizokwisha kukazwa. Basi ni majina aliyoyatia yeye, si ushahidi aliouokota. Na msomaji asiyejua Kiswahili hawezi kuipambanua tofauti hiyo.

Ushahidi ukitafutwa katika Kiswahili, waelekea upande wa pili. Mswahili ana kesho, na kesho kutwa, na mtondo, na mtondogoo, ambayo ni siku ya nne baada ya leo. Kitenzi chake kina silabi -ta-, ambayo haina kipimo: mvua itanyesha jioni hii, na wafu watafufuliwa siku isiyojulikana, yote mawili husemwa kwa silabi hiyo moja. Nayo ni mabaki ya neno kutaka, kama ionekanavyo hata leo katika 'atakayekuja'. Waingereza nao wameupata wakati wao ujao kwa neno la kutaka, kwa kuwa vitenzi vyao havina umbo lake mbali. Je, tuseme kwamba Mwingereza hana wakati ujao? Kikamba chaweza kuwa na maumbo ya kupambanua siku na miezi iliyo karibu, na hiyo ni hazina. Lakini kuwa na vipimo vingi vya karibu si ushahidi wa kutoona mbali. Mwaka 1987 Kwame Gyekye wa Ghana alilijibu fundisho hili kwa lugha ya Kiakan, akaonyesha kwamba watu wake wanayo maneno ya wakati ujao ulio mbali. Basi hata likiwa kweli kwa Wakamba, haliwezi kuwa kweli kwa Waafrika wote.

Tuyaache maneno tutazame kazi. Mabaharia na wakulima wa pwani waliuhesabu mwaka wa jua wenye siku 365 tangu Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, wakaugawa kwa miongo ya siku kumi kumi, wapate kujua lini kupanda na lini kusafiri. Huko Makunduchi, katika kisiwa cha Unguja, siku hiyo ingali ikiadhimishwa kila mwezi wa Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Nahodha aliyetweka tanga Oman kwa pepo za kaskazi alijua kwamba hatarudi kwao mpaka kusi ianze kuvuma, na mkopo wake, na shehena yake, na ahadi zake kwa mkewe, vyote vilipangwa kwa pepo ambazo hazijavuma. Na mwenye kupanda mnazi hangoji miezi 6. Hungoja miaka 6 au zaidi, na wa mkarafuu vivyo hivyo. Tena akiwa mzee huenda asionje matunda yake kamwe, naye hupanda. Yaweza kujibiwa kwamba hao ni watu wa pwani, waliokaa karne nyingi na Uislamu na biashara ya bahari. Ni kweli. Lakini asiyewaingiza watu wa pwani katika fundisho lake, kwa nini aliite kwa maneno yao?

Hata hivyo hoja iliyo kubwa kuliko hizi imo ndani ya kitabu chenyewe. Mbiti asema kwamba aliyeketi anaungoja wakati. Haya, kungoja ni nini? Ni kukielekeza moyo kitu kisichokuwapo bado. Asiye na kesho hawezi kungoja. Aweza kukaa tu, kama jiwe likaavyo. Mkulima aliyeketi mwezi wa pili huku akitazama mawingu, shamba likiwa limekwisha kusafishwa na mbegu ziko darini, ameketi kwa sababu ajua masika yatakuja, na kupanda kabla yake ni kuwalisha ndege. Kuketi kwake ndiyo hesabu yake ya siku zijazo. Basi utetezi wa Mbiti ni kweli kwa sababu fundisho lake si kweli. Ukiuondoa ujao umemwondolea mtu huyu sababu ya kuketi, na yule mgeni aliyemwita mvivu amepewa hati mkononi.

Mbiti angeweza kuupata utetezi ulio bora katika maneno ya kila siku. Kiswahili hakichanganyi uvivu na kupumzika. Uvivu ni aibu. Uzembe ni aibu yenye madhara. Lakini kupumzika ni kuirudisha pumzi, na hakuna amwonaye haya apumuaye. Mtu akitaka wakati wa bure huomba nafasi, au wasaa, na maneno hayo yote mawili yana maana ya upana: mahali pa kugeukia. Wakati hapa si sarafu bali ni chumba. Benjamin Franklin wa Marekani alimwonya kijana mfanyabiashara mwaka 1748 akumbuke kwamba wakati ni fedha. Wahenga wetu wao walisema kwamba wakati ni ukuta, na apiganaye nao huumia mwenyewe. Mbiti mwenyewe ataja jinsi Wanyankole wa Uganda walivyozihesabu saa za siku kwa kazi za ng'ombe, na humo, kati ya kukama na kunywesha, mna saa ya kupumzika, ng'ombe na watu pamoja. Mapumziko hayakuwa tundu katika siku. Yalikuwa saa yenye jina lake kama nyingine.

Wala tusidhani kwamba tofauti hii ni ya damu. Mwaka 1967 Mwingereza E. P. Thompson alionyesha kwamba mafundi wa nchi yake, kabla ya viwanda kuwatia katika saa ya ukutani, walizoea kuiacha kazi siku ya Jumatatu, wakaiita kwa mzaha siku ya mtakatifu. Walifundishwa kuihesabu dakika kwa kengele, kwa faini, na kwa shule. Mzungu hakuzaliwa na saa mfukoni. Alitiwa, kama vile kibarua wa Kiafrika alivyotiwa kipande mkononi, kihesabu siku zake.

Na tazama neno baraza. Asili yake ni kile kikalio cha mbele ya nyumba, ambapo mpita njia akiona watu wameketi adhani hawana kazi. Hapo ndipo mahari ilipopatanwa, deni likaahirishwa, ugomvi ukakatwa, khabari za bara zikapokewa. Leo serikali nzima hukutana kwa jina hilo: twasema Baraza la Mawaziri, wala hatucheki.

Walakini kuna swali ambalo Mbiti hakuliuliza, nalo ni hili: ni nani aliyeketi, na ni nani asiyeketi? Barazani kwa mwungwana wa Unguja palikuwa na wasaa mwingi, lakini kahawa ililetwa na mtumwa, na karafuu zilichumwa na watumwa, mpaka hali hiyo ilipofutwa kisheria mwaka 1897. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilinena waziwazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kupita watu wengine wote, hali wanaume wengi wa huko huwa kama walio likizoni nusu ya maisha yao. Hili halikuandikwa na mgeni. Mapumziko ya mtu mmoja yaweza kuwa mzigo juu ya kichwa cha mwingine, na sifa ya kuketi ambayo haitazami jikoni ni sifa nusu.

Lakini upande wa pili nao una hatari yake. Mwaka 1983 Tanzania ilitunga sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi, na kwa ajili yake watu walioonekana mjini bila kazi walikamatwa wakapelekwa mashambani. Hapo mtu aliyeketi hakuulizwa anangoja nini. Wasomaji wa Injili watamkumbuka mwenye shamba la mizabibu aliyetoka saa kumi na moja akawakuta watu wamesimama sokoni bure. Mswahili haihitaji saa hiyo ielezwe, maana ni saa yake mwenyewe, jua likiwa linatua. Mwenye shamba hakuwaita wavivu. Aliwauliza sababu, nao wakamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Swali lile lilikuwa la haki kuliko sheria nyingi.

Basi hukumu yetu ni hii. Kitabu cha Mbiti kisomwe, nacho kistahiwe, kwa kuwa kilimtazama mtu aliyeketi kikamwona kuwa mtu. Lakini lile la Sasa na Zamani lisifundishwe tena kana kwamba ni sarufi ya moyo wa Mwafrika. Madhara yake si madogo. Ukimwambia kijana kwamba mababu zake hawakuwa na kesho, umemfundisha kwamba akiba, na mpango, na tumaini ni vitu vya kuagizwa ng'ambo. Mbiti mwenyewe hakuishi hivyo. Katika uzee wake alilitafsiri Agano Jipya kutoka Kiyunani kwa Kikamba, mpaka kitabu cha Ufunuo, kilichojaa mambo yatakayokuja; na Kikamba, ambacho kwa fundisho lake hakifiki mbali, kiliyachukua yote.