Sifa za Mkono Uhesabuo

Mwalimu wa madarasa ya chini, katika shule zilizotawanyika baina ya mji wa Arusha na miteremko ya Mlima Meru, ni fundi ambaye jina lake halitajwi pale maseremala, waashi na wahunzi wanapotajwa. Walakini mtu yeyote aliyepata kukaa nyuma ya darasa lake, akamtazama akigeuza vizibo vya soda, punje za maharage, magome makavu ya migomba na shanga kuwa somo la hesabu, hatasita kumtia katika daftari la mastadi. Walimu wenyewe huiita kazi hiyo kufaraguza zana, na aghalabu huifanya kwa fedha za mfukoni mwao, mbele ya watoto walio wengi kuliko madawati.

Nitakawia kidogo kwenye shanga, maana ndizo zenye utajiri. Mtoto wa Kiarusha au wa Kimaasai amewaona mama na shangazi zake wakizitunga tangu hajajua kutembea, na amesikia kuwa nyekundu ni ya damu na ushujaa, nyeupe ni ya maziwa, na buluu ni ya mbingu iletayo mvua. Mwalimu humpa uzi ulionyooshwa ncha yake kwa nta ya mshumaa, na sharti moja tu: nyekundu tatu, nyeupe mbili, buluu moja, kisha arudie. Zamu tano zikitimia, shanga ni thelathini. Na mtoto anayeambiwa azichambue kwa rangi huona kwa macho yake kwamba nyekundu ni nusu ya zote, nyeupe ni thuluthi, na buluu ni sudusi, kabla hajaandikiwa sehemu hata moja ubaoni. Akikosea njiani, akatia nyeupe tatu pahala pa mbili, hahitaji wino mwekundu wa mtu, kwani atakapofika shanga ya thelathini na kutaka kuunganisha ncha, atakuta buluu ya mwisho haina nafasi, naye ataurudia uzi mwenyewe, akihesabu kwa ncha ya kidole, hata apafikie palipoharibika. Kosa linalosahihishwa na shanga halina fedheha. Wakati huo ustadi wa mwalimu umo katika kunyamaza, na kunyamaza huko, kwa mtu aliyefunzwa kusema kutwa, si kazi nyepesi.

Vivyo hivyo vipimo. Wazee wa pwani walipima nguo kwa mwili: shibiri mbili dhiraa moja, dhiraa nne pima moja. Watoto wakiambiwa wapime dawati moja kwa shibiri zao, kila mmoja huleta jawabu lake, na ugomvi huzuka, huyu akimshutumu yule kwa udanganyifu; hapo ndipo rula huingizwa darasani kama kadhi, nao huipokea kwa heshima ambayo wasingeipa kama ingetangulia. Bao nalo, lenye mashimo 32 na kete 64, huchimbwa bure uani, na mchezaji wa miaka tisa anayekadiria moyoni shimo itakapoangukia kete yake ya mwisho anajumlisha pasipo kulazimishwa.

Wapo watakaoyaita haya michezo ya watoto. Nawakumbusha Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kudhihirisha hisabati iliyofichika katika vikapu na mikeka ya wasukaji wa Afrika. Nawakumbusha pia Mwalimu Nyerere, ambaye mwezi Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya kutangazwa kwa Azimio la Arusha, lililopitishwa katika mji huu huu, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akilalamika kuwa shule zilimtenga mtoto na maisha ya jamaa zake. Kwa maoni yangu, shule nyingi zililisikia jembe peke yake katika waraka ule. Zikalima mashamba ya shule kwa bidii, na mikono ile ile ilipoingia darasani ikaamriwa ikunjwe juu ya dawati.

Sasa mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeliweka somo la Sanaa na Michezo katika ratiba, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kila mwenye mtoto shuleni anajua vipindi gani huliwa kwanza mitihani inapokaribia. Nawasihi walimu wakuu wasiviguse. Na mzazi ambaye mwanawe atarudi nyumbani na vidole vyenye rangi, kabla ya kumkemea kwa uchafu, na amwulize leo amehesabu nini.